Tulisoma juu ya muji wetu, sasa tuurudishie majibu

(Maneno ya mwenzetu mumoja mbele ya vijana wa harakati, Katuba, Lubumbashi. Tunayaweka hapa sawa vile alivyoyasoma kwenye karatasi yake, pamoja na yale aliyoongeza kwa kinywa.)

 

Niliombwa niseme juu ya iniversite: inatumika nini kwetu, zaidi sana ule upande wa sayansi ya jamii, ni kusema sosholojia, antropolojia, historia, sayansi ya siasa. Nilikubali mbio, kisha usiku nikajuta, sababu mimi siyo mufano muzuri. Niko na miaka 26. Niko na lisanse ya sosholojia. Kazi sina. Kwetu kwa avenyu watoto wananiita "Bwana Lisanse", na asubuhi wakiniona natoka kuchota maji wanacheka: "Muone, Bwana Lisanse anabeba bido!" Mimi pia nacheka. Nitafanya nini?

Lakini kuna siku baba yangu aliniuliza swali moja, na pale sikucheka. Aliniambia: "Mwanangu, miaka yote ile, na mashini ya kushona tuliuzisha. Sasa ile masomo yako inafanyaka nini?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Sikuwa na jibu. Leo najaribu kumujibu mbele yenu.

Tuanze na vile tulivyosoma

Chuo nilichopita sitataja jina. Muji wetu uko na vyuo mingi, na wengi hapa mutajitambua bila mimi kutaja.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wengi kuliko viti. Aliyefika saa kumi na mbili ya asubuhi alikaa. Aliyefika saa mbili alisimama kwa dirisha, inje, na akiwa na bahati alisikia nusu ya maneno. Nilikuwa natembea kwa miguu kutoka nyumbani, sababu frank ya taksibusi ilikuwa njo frank ya fotokopi. Kusoma usiku, bila umeme, tulienda chini ya taa za stesheni ya esansi, mpaka sentineli atufukuze. Mwaka 2020 korona ikafunga kila kitu, na gradua ya miaka mitatu pamoja na lisanse ya miaka miwili, jumla mitano, kwangu ikawa karibu saba.

Lakini hayo ni mateso munayoyajua. Kilichoniumiza zaidi ni kingine. Tulikuwa tunasoma sayansi ya jamii bila kuona jamii. Silabusi tuliinunua, tukaishika kwa kichwa, na siku ya egzame tukairudisha vilevile. Swali lilikuwa: "Toa maana ya familia." Ukiandika maana ya profesa, neno kwa neno, unapata alama. Ukiandika familia ya kwenu Katuba, mwenye kulea watoto ni nani, na frank inatoka wapi, unaanguka. Mwenzangu mumoja alifanya hivyo, akaanguka kweli. Tangu siku ile, sisi wengine tukajifunza kunyamaza. Nasema hivi bila kumuchukia mutu: maprofesa nao wanahangaika na mushahara, na wamoja walitufundisha kwa roho safi. Lakini matokeo ni yale: tulitoka na diplome ya kuuliza maswali, na hatukuwa tumeuliza swali hata moja.

Mpaka kufikia memwari.

Swali la yule mama

Kwa memwari yangu niliandika juu ya nyumba ambamo hakuna mutu mwenye mushahara: zinakula namna gani kwa mwezi muzima? Nilichukua kartie moja hapa Katuba, nyumba 40. Niliingia na makaratasi yangu, nikauliza: muko wangapi, munalala wangapi kwa chumba kimoja, munakula mara ngapi kwa siku, muko na madeni kwa nani. Watu walinijibu. Fikirini: mutu hakujui, anakuambia madeni yake! Mama mumoja mwenye kuuzisha makala kwa kona aliniweka kwenye kiti chake, yeye akakaa kwenye mufuko, akanijibu saa nzima, huku akipimia wateja makala.

Jiri wakanipa distinksio. Tulipiga picha, mama yangu akapika kuku. Memwari ilifungwa kopi chache: moja ikaenda kwa kabati ya biblioteke, moja kwa profesa, moja iko chini ya kitanda cha mama yangu mpaka leo.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja napita kwa ile kona, natafuta kazi ya kufundisha kwa shule moja, hawakunichukua. Yule mama akaniita:

"Eh mwana! Njo weye ulikuyaka na makaratasi?"

"Ndiyo, mama, ni miye."

"Sasa bile ulikuyaka unatuuliza-uliza, bilifika wapi? Tulikuambiaka yote, mpaka madeni. Kiisha we unapotea."

Wandugu, swali la baba na swali la yule mama ni swali moja. Baba anauliza masomo inafanya nini. Mama anauliza majibu iko wapi. Sikuwa na kitu cha kumuonyesha. Nilinunua makala ambayo sikuwa na lazima nayo, nikaenda.

Hili jambo halikuanza na sisi

Nilianza kutafuta: sayansi ya jamii ilikuja Lubumbashi namna gani, na ilikuja kufanya nini?

Iniversite ya kwanza hapa ilifunguliwa mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, muji ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iligombana na wanafunzi wa Lovanium kule Kinshasa, ikawaingiza kwa nguvu mu jeshi. Mwaka ule ule ikaunganisha iniversite tatu, ya Kinshasa, ya Kisangani na ya hapa, kuwa moja, iniversite ya taifa ya Zaïre. Kila muji ukapewa sehemu yake. Fakilte za lettres na za sayansi ya jamii zikaletwa Lubumbashi. Wazee wengi wanasoma uamuzi ule hivi: wenye kuuliza maswali walipelekwa mbali na wenye kutawala. Mwaka 1981 ule muungano ukavunjwa, na iniversite ya hapa ikawa peke yake tena, UNILU tunayoijua.

Basi kwa miaka kumi ile, Lubumbashi ilikuwa njo mahali inchi ilipojifunza kujifikiri. Valentin-Yves Mudimbe alifundisha hapa, mbele ya kuhamia Marekani, kule jina lake likajulikana dunia nzima. Na kati ya 1972 na 1974 alikuwepo mwalimu wa antropolojia anayeitwa Johannes Fabian. Huyu alikutana na mwenye kuchora mumoja wa hapa, Tshibumba Kanda Matulu. Tshibumba hakuwa profesa. Alikuwa anachora picha na kuziuzisha ili ale. Lakini alikuwa na wazo kubwa: kuchora historia nzima ya inchi, mbele ya wazungu mpaka Mobutu. Alichora picha zaidi ya 100, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili, hiki chetu cha Lubumbashi, Fabian akirekodi.

Sikieni mwisho wake. Kitabu cha zile picha kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza, Marekani. Picha zenyewe zikafika Amsterdam, mu muzeo. Na Tshibumba, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Ni wangapi hapa walikuwa wanajua jina lake? Inueni mikono. Wawili. Watatu. Mimi mwenyewe nililijua nikiwa nimemaliza lisanse.

Kuna mufano mwingine. Mwaka 1965 mwanaume anayeitwa André Yav aliandika historia ya Elisabethville, kwa Kiswahili, kwa jina la chama cha wale waliokuwa maboyi kwa nyumba za wazungu. Maboyi! Wao waliona kila kitu: nani alikula na nani, nani alipiga nani. Hawakungoja diplome ya kuandika. Ni Fabian tena aliyeitoa kuwa kitabu, mwaka 1990. Na hapa lazima tuseme kweli: yeye na wenzake waliiweka ile maandiko kwenye intaneti, kwa Kiswahili vile ilivyoandikwa. Yaani mutu anaweza kuisoma kwenye telefone. Kizuizi siyo kwamba majibu haipo. Kizuizi ni kwamba hakuna aliyetuambia kwamba ni yetu.

Kuna pia usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990. Mobutu alikuwa ametoka kutangaza vyama vingi, mwisho wa Aprili. Usiku ule watu wenye silaha waliingia kwa kampusi ya hapa, wakashambulia wanafunzi ndani ya vyumba vyao. Mpaka leo watu hawakubaliani juu ya hesabu ya waliokufa. Ubelgiji ikakata msaada wake kwa Zaïre. Wazazi wetu walikuwa vijana wakati ule, na wengi wao ndio wanatuambia leo: "Nenda usome, lakini usiingie mu mambo." Tusiwacheke. Wanajua kwamba swali liko na bei.

Lakini siyo kila kitu ni huzuni. Kuanzia karibu na mwaka 2000, watafiti wa UNILU walianza kazi ingine, ile inayoitwa Observatoire du changement urbain. Walienda nyumba kwa nyumba, wakauliza vile watu wanakula, vile wanajilipia shule na hospitali. Wakati ule Gécamines ilikuwa chini. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoshwa, ile tunaita "départ volontaire", hata kama wengi hawakuona "volontaire" yake. Kuna pia mupango wa Mémoires de Lubumbashi, na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake: waliomba wakaaji walete hadithi zao na vitu vyao vya zamani, wakavionyesha hapa hapa mu muji, ili wenye vitu wenyewe waje waone. Yaani inawezekana. Iniversite inaweza kuuliza na kurudisha.

Nilirudi kwa kartie

Niliposoma hayo, nilishika karatasi tatu, nikaandika memwari yangu upya. Kurasa tatu, kwa Kiswahili, bila "cadre théorique", bila majina ya wazungu. Siku ya Yenga, nyuma ya misa, nikaenda kwa ile avenyu. Yule mama wa makala aliita majirani. Tulikaa chini ya muti wa mwembe, watu kama ishirini, na watoto wengi.

Nikasoma. Nilipofika pale nilipoandika kwamba nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku, muzee mumoja akanikata:

"Mara moja ya nini?"

"Ya kula, muzee. Njo vile mulinijibu."

Wakaanza kucheka. Muzee akanieleza: wewe ulituuliza tunakula mara ngapi. Kula ni bukari. Chai na mukate asubuhi, mihogo ya kuchoma, muhindi, hiyo siyo kula, ni kudanganya tumbo tu. Ukiuliza kula, tunahesabu bukari.

Wandugu, mimi ni mwana wa hapa! Nimekula bukari tangu nimeota meno. Nyumbani mimi pia nasema "leo sijakula" hata kama nilikunywa chai. Lakini siku ile ya kuuliza nilikuwa na maswali niliyoandika kwa Kifaransa, "nombre de repas par jour", nikayageuza njiani, na nikasahau luga ya mama yangu. Tablo yangu namba 4, ile jiri walisifu, ilikuwa na kosa. Hakuna profesa aliyeliona. Muzee asiyemaliza sekondari aliliona kwa dakika moja.

Kisha mama mumoja akauliza sababu gani niliandika baba kuwa "chef de ménage" kwa nyumba zote zenye baba. "Baba bulaya iko, njo mukubwa, tunamweshimu," alisema. "Lakini frank ya bunga inatoka ku meza yangu. Andika na ile." Wanaume walinyamaza kidogo, kisha mumoja akasema: "Ni kweli, andika."

Tulimaliza jioni. Nilipotoka pale nilikuwa nimejifunza zaidi kuliko mu miaka yote ile ya oditwari. Na walikuwa wameamua jambo lao: kuandika barua kwa biro ya komini juu ya mufereji unaojaa maji kila mvua na kuingia mu nyumba zao. Niliwasaidia kuiandika, wakatia sahihi, tukaipeleka, tukapata mhuri wa kuipokea. Jibu bado. Sitawadanganya kwamba mufereji umechimbwa. Haujachimbwa. Lakini barua iko na tarehe, iko na majina, na nyumba zilizoingiliwa na maji zimehesabiwa moja moja. Safari hii hesabu iko sawa, sababu wenyewe ndio waliihesabu.

Mutasema: Bwana Lisanse anatuletea kazi ya bure

Najua. Wakati natayarisha haya maneno, mwenzangu aliniambia: "We uko chomeri, halafu unataka vijana wafanye kazi bila mushahara?" Ni swali la haki, na silikimbii. Katiba yetu, artikle ya 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu kwa kila Mukongomani. Haki ile tutaendelea kuidai, barabarani na kwa barua. Njaa yangu ni ya kweli. Sitaki mutu anisifu kwa kuwa na njaa.

Lakini angalieni inchi hii tunayokaa. Kodi ya mine iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kampuni yenye kuchimba lazima itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya watu wanaokaa karibu na mine. Inasema tena kwamba katika ile redevansi ya mine, 25% ni ya provense na 15% ni ya komini, sekta au shefferi penye mine yenyewe. Ni sheria, siyo zawadi. Kampuni na wakaaji wanatia sahihi "cahier des charges": kisima hapa, shule pale, mwaka huu, mwaka ule. Sasa niambieni, nani anarudi kuangalia kama kisima kinatoa maji? Nani anajua kuuliza wamama wa kijiji bila kuwawekea maneno mu kinywa? Nani anaweza kuandika jibu lile kwa Kifaransa cha biro na kwa Kiswahili cha watu?

Ni sisi. Ni hiyo kazi tuliyosomea. Baba, kama unanisikia, jibu ni hilo: masomo yangu ni ya kumusaidia mutu kuhesabu maisha yake mwenyewe, ili asihesabiwe vibaya na mwingine.

Tunaomba nini

Kwa vyuo vyetu, vyote, tunaomba mambo matatu. Moja: kila memwari iliyoandikwa juu ya watu wa kartie fulani iwe na kurasa mbili ao tatu za Kiswahili, na mwanafunzi aende azisome pale alipouliza, mbele ya kupewa diplome. Mbili: mwanafunzi wa sayansi ya jamii atoke inje kuuliza tangu mwaka wa kwanza, asingoje mwaka wa mwisho. Tatu: kabati za memwari zifunguliwe kwa mwananchi yeyote. Hayo hayaombi pesa nyingi. Yanaomba nia.

Kwa sisi wenyewe, jambo moja. Kila mutu hapa aliyemaliza yuko na memwari chini ya kitanda. Ya historia, ya saikolojia, ya uchumi, sijali. Itoe. Futa vumbi. Andika kurasa tatu kwa luga ambayo mama yako anaelewa. Rudi pale ulipouliza. Ukikosolewa, kubali, andika tena. Halafu leta kopi kwetu: tutaweka zote pamoja kwenye ukurasa wa harakati, ili mutoto wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi ao wa Kamalondo asome juu ya kwao kwenye telefone, bila kungoja kitabu kutoka mbali.

Mimi nimeleta yangu. Iko pale kwa meza, tablo namba 4 imekosolewa kwa biki nyekundu. Siku ya posho nyingine, saa nane, tutakuwa hapa hapa kwa kusaidiana kuandika. Mwenye ordinatere aje nayo, asiye nayo aje na kalamu.

 Sasa niulizeni.